Bure kwa Mtoto, Si Bure kwa Nahodha

Hotuba kwa wazazi wa shule za msingi mjini Lamu, kabla ya kuanza mafunzo ya bure ya tanga

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na kwa majirani zetu wasio Waislamu, hamjambo nyote.

Walimu wakuu, walimu wetu wa vyuo vya Kurani, manahodha, mafundi wa vyombo mliotoka Matondoni kuja kutusikiliza, mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliokaa ukutani mkidhani siwaoni: karibuni. Adhana ya magharibi haitanisubiri, kwa hivyo niingie kwenye shughuli.

Mnajua tulichowaitia. Kuanzia Jumamosi ijayo, watoto wa gredi ya nne, ya tano na ya sita watafundishwa kuendesha chombo cha tanga, na mzazi hatadaiwa hata shilingi. Tangu habari hii itoke nimekuwa nikisimamishwa njiani, na swali la kwanza karibu kila mara ni hili: mtoto wa Lamu wa kufundishwa tanga? Si kazaliwa pwani?

Nendeni gatini mtazame boti ya kutoka Mokowe ikifunga. Mtoto wa sare ameketi katikati, begi mapajani. Boti ni ya faiba, mashine iko nyuma, petroli imetiwa, dakika chache keshashuka. Nauli anaijua. Boti ipi ina spika kubwa, anajua. Muulize upepo wa leo unatoka wapi, atakutazama kama umemuuliza habari za mwezini, maana mashine haijawahi kumtaka ajue. Mtoto huyo ni abiria. Bahari anaiona asubuhi na jioni na hana analoweza kuifanya.

Wazee mlioko hapa hamkuwa hivyo, na hakuna aliyewalipia ada. Mjomba alimchukua mtoto akamtia chomboni, akampa upo wa kuchotea maji, akamwambia: wewe kazi yako ngama, huko chini maji yanakokusanyika. Siku hizi upo ni jerikeni iliyokatwa nusu, lakini kazi ni ile ile. Mtoto alifua maji mpaka mikono ikaota sugu. Baadaye akaruhusiwa kuvuta henza, kamba ya kupandishia tanga, pamoja na wakubwa foromali, ule mti unaobeba tanga, inapopanda. Baadaye tena akapewa demani, kamba ya kulidhibiti tanga, akaanza kusikia kwa viganja vyake tanga linataka nini. Na siku moja, maji yametulia, mzee alimwachia kana, mkono wa usukani, akajilaza kwenye kivuli cha tanga akijifanya amelala. Jicho moja liko wazi, bila shaka. Hapo ndipo mtu alipokuwa nahodha, na yote hayo yalikuwa bure.

Lakini tusijidanganye kuhusu ile bure ya zamani. Ilikuwa bure kwa sababu kulikuwa na kazi. Majahazi yalipakia boriti za mikoko kutoka misitu yetu kwenda Mombasa na mpaka Uarabuni, na kila jahazi lilihitaji mikono. Mtoto wa ngama alikuwa faida kwa mwenye chombo. Kisha mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Malori yakachukua mizigo ya pwani. Mashine zikaingia. Kazi ilipoondoka, iliondoka na darasa lake, na kwa kuwa darasa lile halikuwa na mlango wala kengele, hakuna aliyeona limefungwa.

Kwa hivyo jambo tunalofanya ni la kawaida kabisa. Kile ambacho familia na kazi vilikuwa vikimpa mtoto bila kupanga, sasa inabidi kipangwe. Tuandike majina, tutafute chombo, tutafute nahodha, tutafute pesa.

Kwenye pesa hapo nitakawia kidogo, maana ndipo mambo mengi mazuri ya mji huu yanapoharibikia. Tumesema bure kwa mtoto. Hatukusema bure kwa nahodha. Mtoto wa gredi ya nne akikaa kwenye mashua saa mbili, hamletei nahodha hata kilo moja ya samaki changu. Anamlia muda wake, anamchosha kwa maswali, na pengine anamtapikia juu ya ubao. Nahodha ana watoto wake nyumbani. Tukimwomba afanye kwa ajili ya Mungu atakuja wiki mbili, ya tatu atapata wageni wa kuwapeleka Manda, na watoto watabaki ufukweni na jaketi okozi zao. Simlaumu hata kidogo. Kwa hivyo atalipwa kila kipindi, mkononi, siku hiyo hiyo. Mwenye chombo atalipwa pia, na fundi atakayeziba pakianza kuvuja. Pesa ni michango: ya watu wa hapa, ya ndugu zetu walioko Mombasa, na ya wale walioko Ghuba ambao hutuma kila tukiomba na wakati mwingine kabla hatujaomba. Hesabu zitabandikwa ukutani shuleni kila mwezi. Anayetaka kuzisoma na azisome, na anayetaka kuzipinga aje kwenye mkutano, si barazani kwa watu.

Wengine wametushauri tutoze kidogo tu, shilingi mia, eti mzazi athamini. Nimesikia hoja hiyo kwa watu ninaowaheshimu, na siikubali. Shilingi mia kwa kipindi ni ungo: watoto wa waendesha punda, wa wakaanga bajia na wa wafua nguo za watu watachekechwa wabaki chini, na mashuani watapanda watoto ambao baba zao wana mashua tayari. Tutakuwa tumewafundisha wanaojua. Mtoto aliyehamia juzi na wazazi wake kutoka bara, ambaye bahari kwake ni kitu cha kuogofya, huyo ndiye namtaka mstari wa mbele, na mama yake hatatoa mia ya kumpeleka mwanawe kwenye kitu anachokiogopa.

Bure yetu haina mkia. Hakuna fulana ya kununua. Hakuna picha za watoto kupelekwa kwa wafadhili. Yupo bwana mmoja aliyejitolea kutushonea tanga jipya, sharti lake jina la biashara yake liandikwe katikati kwa herufi kubwa. Tulimshukuru kwa adabu zote. Tanga tulilonalo lina viraka, linatosha.

Sasa, mtoto atafanya nini hasa?

Siku za mwanzo hakuna chombo kitakachong'oa nanga. Mtoto ataingia majini yanayomfika kifuani na kufundishwa kuelea: kulala chali, masikio ndani ya maji, kupumua, kutulia. Kisha kuogelea umbali mfupi na nguo zake mwilini, kwa sababu hakuna anayeanguka baharini akiwa amejiandaa. Nasema kwa uzito hapa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Shirika hilo hilo linashauri watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea na kujihami majini. Nasi wa pwani ya Kenya hatuhitaji takwimu za dunia. Wenye umri wangu mnakumbuka feri ya Mtongwe iliyozama Mombasa tarehe 29 Aprili 1994, wakafa watu 272, tena karibu kabisa na nchi kavu. Yaliyosababisha yalikuwa mengi, na sisemi kuelea kungewaokoa wote. Nasema mtoto wangu simpandishi chomboni hajui kuelea, na wako simpandishi.

Anayeshindwa kuelea hafukuzwi. Anarudi Jumamosi nyingine, na nyingine. Chombo kitamngoja.

Akishaelea, somo la pili ni upepo, na hilo hufanyika ufukweni. Mtoto anafumba macho, anageuka polepole mpaka masikio yote mawili yasikie mvumo sawasawa. Hapo asimame: pua yake inaelekea unakotoka upepo. Niliwaona watoto wachache tuliowajaribu wakilifanya zoezi hili, wanazunguka na macho yamefumbwa, wanagongana, wanacheka, kisha mmoja mmoja wanatulia na wote wanatazama upande mmoja bila kuambiana. Walimu wa sayansi, hilo ni lenu, lichukueni mkalitumie darasani.

Kisha ndipo chombo. Mashua moja, watoto sita, manahodha wawili, na boti ya mashine nyuma yao muda wote. Kila mtoto na jaketi okozi iliyofungwa vifungo vyote, hata kama nahodha mwenyewe hakuwahi kuivaa maisha yake. Naye ataivaa. Tumelizungumza, alinung'unika, amekubali.

Wataanza kwa upepo wa kisogoni, ambao ni rahisi na humfanya mtoto ajione fundi. Baadaye wageuze, warudi walikotoka, na hapo elimu inaanza. Chombo hakiendi puani mwa upepo. Unakwenda kwa upande, upepo ukija shavuni. Tanga linavuta, na mkuku, ule mti wa chini kabisa, na mwili wa chombo vinakataa kusukumwa kando, kwa hivyo nguvu yote inatafuta njia ya mbele. Ukifika karibu na ukingo wa mkondo unageuza, unakwenda upande wa pili. Ndiyo kubisha. Safari ya kwenda dakika kumi, ya kurudi inaweza kula saa nzima.

Na kugeuza tanga letu kunataka watu. Ninyi mliokwenda kwenye mashindano ya Maulidi au ya Mwaka Mpya mmeona: kana inasukumwa, chombo kinageuza kisogo kwa upepo, aliyeshika demani anaachia, foromali inasimamishwa wima ikigusana na mlingoti, na mtu anakimbia na pembe ya tanga akipita mbele ya mlingoti kulipeleka upande wa pili. Wakati huo huo wengine wanahamisha uzito wao, na aliyekalia ubao unaotokeza nje kusawazisha chombo anarudi ndani, asibaki upande utakaolala. Wa demani akichelewa, tanga linajaa upande usio wake. Mtoto mmoja tu asipofanya lake, wote wanalowa. Sijui darasa lingine lolote linalomfundisha mtoto wa miaka kumi jambo hilo kwa haraka hivyo na bila kiboko.

Nimeulizwa pia mbona hatutafuti vile viboti vidogo vya Optimist, vya mtoto mmoja, ambavyo watoto duniani kote hujifunzia. Navijua, na sina ugomvi navyo. Vilibuniwa Florida mwaka 1947 na Clark Mills, na nia ilikuwa nzuri: kiboti cha bei nafuu, urefu mita mbili na kitu, ambacho mtoto wa kawaida angeweza kuwa nacho. Faida yake ni kwamba mtoto yumo peke yake. Akikosea, hana wa kumsingizia. Tukivipata kwa njia ya heri tutavipokea. Lakini kimoja kikivunjika, kipuri kiko wapi? Mashua ikivunjika naipeleka Matondoni, na fundi ananiambia bei na ananitukana kidogo kwa kuiharibu, na wiki ijayo iko majini. Tena mji huu UNESCO iliuandika katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na tangu hapo ukitaka kubomoa ukuta wa matumbawe utaulizwa maswali. Tanga lililojenga kuta hizo haliulizwi na mtu. Mtepe wetu, chombo cha kushonwa kwa kamba chenye tanga la mkeka, leo tunautazama kwa sanamu ya makumbusho. Mwaka 2019 Flipflopi, jahazi lililojengwa hapa hapa kwa plastiki iliyookotwa na kuvishwa vipande vya kandambili, lilikwenda mpaka Unguja, kilomita 500 hivi, na dunia ikapiga makofi. Nami nilipiga. Kisha nikajiuliza waliolishikia tanga watakuwa na umri gani miaka ishirini ijayo.

Nije kwa wasichana, maana naona kina mama wameanza kunong'onezana.

Wasichana wamo. Nusu ya nafasi ni zao, na zikibaki wazi hazitapewa wavulana. Zitabaki wazi mpaka wajitokeze. Nimezungumza na walimu wa vyuo kabla ya kuzungumza nanyi. Masomo ya kuelea ya wasichana yatafanyika mbali na ya wavulana, wakifundishwa na wanawake, na mavazi ni ya kusitiri: suruali na gauni la mikono mirefu lisilonywa maji mengi. Hilo halijaanzia kwetu. Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili mzima, na Nungwi ni watu wa dini na adabu kama sisi. Chomboni, wasichana watakuwa na mashua yao na siku yao, na mwalimu wa kike atakuwemo pamoja na nahodha.

Mzee mmoja aliniambia msichana akijua tanga atalipeleka wapi. Nilimjibu kwa swali: boti ikipinduka, maji huuliza nani? Mwanamke wa Lamu anavuka bahari kwenda hospitali, kwenda kujifungua, kwenda msibani, kwenda sokoni. Anavuka akiwa ameshika mtoto. Yeye ndiye mwenye haki zaidi ya kujua cha kufanya.

Kuhusu kazi nitapita haraka, kwa sababu sitaki kumwahidi mtu kitu. Bandari yetu ilipokea meli ya kwanza Mei 2021. Mombasa kuna chuo cha mabaharia, Bandari Maritime Academy. Mtoto asiyeogopa maji na anayesoma upepo ataingia huko na hatua moja mbele. Lakini cheti chetu, kama tutatoa cheti, hakimpi mtu ajira. Mwenye kuwaambia vingine anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Ratiba. Hapa ndipo walimu wa shule tuligongana nao kwa upole. Walitaka saa moja maalumu kila Jumamosi. Bahari haina saa maalumu. Katika bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, saa nne asubuhi maji yako mbali na mashua imelala kwenye tope. Yatajaa alasiri kwenye saa kumi. Wiki ya maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, ni kinyume chake, asubuhi ndiyo imejaa. Kwa hivyo ratiba itafuata maji, na itabandikwa mwezi mzima kabla. Siku za maji ya asubuhi zitagongana na chuo, na walimu wa chuo wamekubali wanafunzi hao wafidie jioni. Tunawashukuru. Mtoto asiyekuwa na hifadhi yake ya Kurani hatapanda, hilo ni sharti la walimu wenyewe na mimi nalikubali. Ramadhani tunasimama. Juni na Julai, upepo wa kusi ukiwa mkali, hatutatoka nje ya mkondo kabisa, na siku nahodha akisema leo hapana, ni hapana, hata kama watoto wameshavaa na wamelia. Neno lake halina rufaa kwangu wala kwa mwalimu mkuu wala kwa mzazi mwenye jina.

Mezani kuna fomu. Msiisaini kabla hamjaisoma upande wa nyuma. Kuna mahali pa kuandika kama mtoto ana pumu, kifafa, au masikio yanayouma. Jazeni kweli, hakuna atakayekataliwa kwa aibu, tutajua tu nani akae karibu na nahodha. Anayesaini awe mzazi au mlezi, si kaka wa miaka kumi na tano. Siku ya kwanza mtoto aje amekula kidogo, chupa ya maji, kofia, nguo ya kubadilisha. Kandambili zibaki ufukweni na ziandikwe jina, vinginevyo mtachukua za wenzenu na tutaanza kesi nyingine.

Na tunahitaji wazazi wawili kila kipindi wa kukaa ufukweni na orodha, kuhesabu wanaotoka na kuhesabu wanaorudi. Kazi hiyo haina malipo. Ni ya kukaa juani na kalamu. Anayeitaka aandike jina kwenye daftari la kijani, na nawaomba kina baba msiwaachie kina mama peke yao.

Nimemaliza yangu. Nahodha yuko hapa na anasema afadhali kubisha kwa upepo wa kaskazi kuliko kuhutubia, lakini maswali ya chombo atayajibu. Yule mama wa nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja tope. Bismillah, mama, uliza.